Bei ya Chini Iseme Inakotoka

Mtu akiniletea tangazo la ziara ya kikundi ya siku 7, nauli na hoteli na mwongoza watalii vyote ndani, kwa bei inayokaribia nauli peke yake, huniuliza swali moja: "Hawa ni matapeli?" Matapeli halisi wapo, wanaopokea pesa na kuzima simu, na nitawagusa mbele. Lakini wengi ninaowajua waliorudi na machungu hawakutapeliwa kwa maana hiyo. Walisafirishwa kweli, walilala hotelini kweli, na picha wanazo. Kilichowaumiza ni kwamba pesa waliyolipa haikuwa bei ya safari, na hakuna aliyewaambia tofauti ingelipwa na nani, lini, na kwa njia gani.

Ndiyo maana siwaambii watu kwamba rahisi ni ghali na kuishia hapo. Msemo huo unamfukuza mtu mwenye kipato kidogo kwenye safari ambayo angeimudu, na haumsaidii kuchagua. Mimi nauliza jambo jingine: je, kampuni hii inaweza kunieleza bei yake ya chini inatoka wapi?

Urahisi wa halali upo, na ni mwingi. Basi la viti 45 hukodiwa kwa pesa ileile likibeba watu 18 au 42. Dereva ni yuleyule, mwongoza watalii ni yuleyule, ushuru wa barabara ni uleule. Wakiwa 42, kila mmoja hubeba chini ya nusu ya mzigo ambao angeubeba wakiwa 18. Hoteli nayo humpunguzia bei anayechukua vyumba 20 kwa mpigo, hasa msimu ambao vyumba hivyo vingelala vitupu. Biashara hii ilianza hivyohivyo. Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook aliwapakia watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kwenda na kurudi, kwa shilingi moja kila mtu. Reli ilikubali bei ile kwa sababu mabehewa yalijaa.

Sasa, kama bei inategemea basi kujaa, swali linalofuata linajileta lenyewe: lisipojaa? Kampuni ya kweli ina jibu lililoandikwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni za safari za vifurushi, yaani nauli, hoteli na huduma nyingine zinazouzwa pamoja, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2018 zinamruhusu mwandaaji kuvunja safari kwa sababu kikundi hakikutimia, ila mkataba lazima utaje idadi ya chini, na msafiri ajulishwe si chini ya siku 20 kabla kwa safari inayozidi siku 6, au siku 7 kabla kwa safari ya siku 2 hadi 6. Pesa zake zirudi ndani ya siku 14. Hata ukisafiri mahali ambapo sheria hiyo haifiki, ichukue kama kipimo. Mkataba unaosema tu "kampuni ina haki ya kuahirisha safari wakati wowote" umekuachia wewe hasara yote ya viti vitupu, na hiyo nayo ni sehemu ya bei.

Kuna urahisi wa aina nyingine, na huu ndio unaonikera. Wakala anauza ziara chini ya gharama yake, kisha anaikabidhi kwa kampuni inayopokea wageni kule waendako, kwa malipo ambayo hayatoshi kuwalaza na kuwazungusha. Anayepokea anajua tangu mwanzo kwamba pengo hilo litazibwa na maduka, kwa sababu kila mgeni akinunua, kampuni na mwongoza watalii hupata kamisheni. Mwongoza watalii mara nyingine hana mshahara kabisa. Mwaka 2010 ilisambaa video ya mwongoza watalii wa Hong Kong akiwafokea wasafiri kutoka China bara ndani ya basi kwa kuwa hawakununua vya kutosha. Thailand ilianza msako mkali dhidi ya biashara hii mwaka 2016. Huko iliitwa ziara za dola sifuri. China yenyewe ilikuwa imeshaipiga marufuku: sheria yake ya utalii, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2013, katika kifungu cha 35 inakataza kuwavuta watu kwa bei ya chini isiyo na maelezo ili kujinufaisha kwa kamisheni za maduka na nyongeza za kulipia. Kifungu hichohicho kinampa msafiri aliyefanyiwa hivyo siku 30 baada ya safari kudai bidhaa zirudishwe na pesa zake zilipwe. Ukiona nchi imefikia kutunga kifungu kwa ajili ya bei ya chini, jua tatizo limeshakuwa namna nzima ya kuendesha biashara, na si tabia ya mtu mmoja mwenye tamaa.

Nimewahi kupanda basi la namna hiyo. Kampuni siitaji. Asubuhi ya kwanza, kabla hatujafika popote, mwongoza watalii wetu alipitisha karatasi yenye ziara za hiari: mashua, jumba la makumbusho, ngome ya mlimani, jioni ya ngoma. Nilijumlisha. Ukizichukua zote ulikuwa unaongeza karibu nusu ya bei ya safari nzima. Na ukitazama vizuri, vitu vilivyokuwa kwenye picha za tangazo ndivyo hivyo vilivyokuwa kwenye karatasi ya hiari. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele yangu, hakutia alama hata kwenye kimoja. Siku ya tatu wenzake walipopanda kwenda ngomeni, basi lilifungwa, kwa kuwa dereva alipaswa kupumzika, na mama yule akakaa kwenye ukingo wa maegesho kwa muda wa saa mbili na robo, mkoba mapajani. Tuliporudi, mwongoza watalii alimwambia kwa upole, "Mama, si nilikushauri?" Alikuwa kijana mzuri, mwenye kujua kazi. Usiku ule tuliongea, na akaniambia kuwa kwa siku zote zile alikuwa hajalipwa kitu. Alisubiri sehemu yake ya nyongeza na ya duka la ngozi tulilopangiwa siku ya tano. Tangu siku hiyo nimeacha kuwalaumu waongoza watalii kwanza. Swali la "mwongoza watalii wenu analipwa mshahara au kamisheni?" nimeliweka karibu na juu kabisa, na majibu yake hunieleza mengi kuliko nyota za hoteli.

Ratiba ndiyo hati inayosema ukweli kuliko zote, kwa anayejua kuisoma. Tazama vitenzi. "Tutaingia" ni kitu kimoja. "Tutatembelea," "tutapita," "tutatazama" na "tutapata fursa ya kuona" ni vitu vingine. Kuingia kunahitaji tiketi, na tiketi ni gharama, kwa hiyo kampuni iliyoilipia itaandika wazi kwamba kiingilio kimo. Penye kitenzi kinachokwepa kusema utaingia, hesabu kwamba utaona ukuta kwa nje. Halafu soma hoteli: "hoteli ya nyota 3 au inayolingana nayo" si jina la hoteli. Sidai kwamba kila kampuni inayoandika hivyo inadanganya, kwani vyumba vya vikundi huthibitishwa kwa kuchelewa. Lakini kampuni inaweza kutaja hoteli zake za mara kwa mara na umbali wake kutoka katikati ya mji. Hoteli "katika eneo la" mji fulani yaweza kuwa dakika 50 nje, karibu na barabara kuu, mahali ambapo jioni huna pa kwenda isipokuwa kwenye ziara ya hiari.

Kisha chukua ramani na ufanye hesabu ya barabara. Hii ni kazi ya nusu saa tu, lakini walio wengi hawaifanyi. Tuseme ratiba inasema: siku ya tatu, kutoka mji wa kwanza hadi wa pili, kilomita 620, na katikati vituo vitatu vya kutembelea. Basi lenye wastani wa kilomita 70 kwa saa, ukihesabu miji na milima, litahitaji karibu saa 9 za kuendesha. Vituo vitatu vya saa moja na nusu kila kimoja ni saa nne na nusu nyingine. Milo na vyoo, saa moja na nusu. Hizo ni saa 15, na dereva bado hajafika hotelini. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinampa dereva saa 9 za usukani kwa siku, zinazoweza kufika 10 mara mbili tu kwa wiki, na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu. Ratiba ile ama itawanyima vituo, ama itamnyima dereva usingizi. Kampuni haikuona tatizo hilo ilipoiandika, au iliona ikaiacha. Kwangu mimi hapo ndipo mjadala wa bei unapokwisha. Hoteli mbovu huvumilika, chakula kibovu huvumilika. Dereva aliyechoka, usiku, kwenye mteremko, akiwa na watu 42 nyuma yake, havumiliki, na hakuna punguzo linaloweza kuzungumza lolote mbele ya hilo. Uliza kama siku ndefu zina dereva wa pili. Uliza pia kama basi la usiku "la kuokoa hoteli" linaendeshwa na mtu aliyelala mchana.

Tuje kwenye pesa yako kati ya siku unapolipa na siku unapoondoka. Hapo watu hutafuta ukubwa wa kampuni, umri wake, ofisi yake yenye vioo. Thomas Cook, kampuni iliyotokana na ile treni ya 1841, ilianguka usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba 2019, ikiwa na miaka 178. Wateja wake wapatao 600,000 walikuwa safarini sehemu mbalimbali duniani. Uingereza iliwarudisha nyumbani watu wake wapatao 150,000 kwa muda wa wiki mbili. Waliokuwa wamenunua vifurushi vyenye ulinzi wa ATOL, mpango wa Uingereza wa kulinda pesa za wasafiri ulioanzishwa mwaka 1973, na wakawa bado hawajaondoka, walirudishiwa pesa. Ulinzi huo hulipiwa na kampuni pauni 2.50 kwa kila msafiri. Yaani kilichowaokoa wateja ni kimchango kidogo kilichowekwa kando mapema, nje ya mikono ya kampuni, na ukubwa wa jina haukuongeza kitu.

Kwa wateja wa Thomas Cook wa Ujerumani ulinzi ulikuwepo vilevile, lakini bima ilikuwa na kikomo cha yuro milioni 110, na madai yalizidi mbali, ikabidi serikali ijaze. Baadaye, mwaka 2021, wakaunda mfuko maalumu wa dhamana, na kampuni kubwa ya utalii ya FTI ilipofilisika Juni 2024, wateja wa vifurushi wakalipwa kutoka mfuko huo. Nimekaa sana kwenye mifano hii kwa sababu inabadilisha swali. Usiulize kama kampuni ni imara. Wewe huwezi kujua, na hata wakaguzi wake walishindwa kujua. Uliza ikifa kesho pesa yangu iko wapi. Jibu linalofaa ni jina la mfuko, bima au akaunti ya amana iliyo nje ya mikono ya kampuni, na namba unayoweza kuihakiki mwenyewe. Jibu la "tuko sokoni miaka 20" halijibu ulichouliza.

Kuhakiki maana yake ni wewe kufungua daftari la mamlaka husika na kutafuta namba ya leseni humo, siyo kuangalia nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa wao. Nembo hunakiliwa na mtoto yeyote. Angalia jina la kwenye leseni, jina la kwenye mkataba na jina la akaunti unayotumia kulipia: matatu hayo yalingane. Hapa ndipo matapeli wa moja kwa moja hunaswa, kwa kuwa watakuomba utume kwenye akaunti ya mtu binafsi, leo kabla ya saa sita usiku, ofa isije ikaisha. Ukiweza kulipa kwa kadi, lipa kwa kadi, hata kama kuna ada ndogo. Uingereza, kwa mfano, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaibebesha benki ya kadi ya mkopo wajibu pamoja na muuzaji, kwa manunuzi ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Kwingine benki zina utaratibu wao wa kupinga malipo. Pesa taslimu na hawala hazina mlango wa kurudi.

Jina la kwenye mkataba lina jambo jingine ndani yake. Katika ziara za bei nafuu, aliyekuuzia mara nyingi siye atakayekusafirisha. Mawakala watano huuza viti vya basi moja, na mkikaa humo mnagundua kwamba kila mmoja alilipa bei yake na aliahidiwa vitu vyake. Huo si udanganyifu. Ni njia mojawapo ya kujaza basi, na nimeshaeleza faida yake. Shida huja mambo yakiharibika: muuzaji anasema muulize mwendeshaji, mwendeshaji anasema wewe si mteja wake. Kanuni za Ulaya zilimaliza ubishi huo kwa kumbebesha mwandaaji wa kifurushi wajibu wa huduma zote, hata zinazotolewa na wengine. Mahali ambapo sheria haisemi hivyo, mkataba wako useme. Sentensi moja inatosha: nani anawajibika kwangu, kwa jina.

Maoni ya wateja nayasoma, ila kwa dakika chache. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipitisha kanuni dhidi ya maoni ya uongo, ikaanza kutumika Oktoba 2024, jambo linaloonyesha soko hilo limechafuka kiasi gani. Mimi huruka sifa na huruka laana, nikatafuta wale waliotoa nyota tatu, wenye kueleza siku na saa. Sifa tele za mwongoza watalii kwa jina, bila neno lolote kuhusu hoteli wala ratiba, mara nyingi zimeombwa ndani ya basi siku ya mwisho. Na nasoma zaidi majibu ya kampuni kwa waliolalamika. Kuna kampuni zinazojibu hoja, na kuna zinazomjibu mtu.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha simu. Napiga, naeleza safari ninayoitaka, kisha nauliza: "Safari hii haimfai nani?" Kampuni moja ilinijibu kwamba inamfaa kila mtu, wazee, watoto, wote wanafurahi, na kama nikilipa arubuni leo nitapata kiti cha mbele. Nyingine, ambayo bei yake ilikuwa juu kidogo tu, mhudumu wake alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ndugu yangu, kama una shida ya magoti, siku ya nne itakutesa. Ni saa saba ndani ya basi, na kule juu ngazi ni nyingi. Halafu hoteli ya usiku wa pili haina lifti, tumeshalalamika nayo lakini ndiyo iliyopo kwa bei hii." Akanitumia ratiba yenye kilomita za kila siku, majina ya hoteli mbili kwa kila mji, orodha ya viingilio vilivyomo na visivyomo vikiwa na bei zake, na namba ya mtu wa zamu usiku. Chini yake aliandika kuwa kikundi kisipofika watu 25 nitajulishwa wiki tatu kabla.

Nilisafiri nao. Tulikuwa 31. Hoteli ya usiku wa pili kweli haikuwa na lifti, na mwongoza watalii, ambaye alikuwa ameajiriwa kwa mshahara, aliwapa vyumba vya chini wale waliosema mapema kwamba hawawezi ngazi. Siku ya nne tulikaa ndani ya basi kwa muda wa saa saba na dakika arobaini. Kwenye kituo cha pili dereva alizima injini, akashuka, na mwenzake akashika usukani.